Miezi 17 kwenye kliniki ya presha na sukari Morogoro: miadi, malipo na faili langu

Nina kauntabuku ya kwaya mbili ninayoiandikia kila ninapokwenda kliniki. Tarehe, saa niliyopangiwa, saa niliyofika, saa niliyoitwa kwa daktari, presha, sukari, dawa nilizopewa na fedha iliyonitoka mfukoni. Nimefundisha shule ya msingi miaka 35, tangu 1986 mpaka nilipostaafu 2021, na karibu muda wote huo nilikuwa mwalimu wa darasa, kwa hiyo kalamu ya mahudhurio haijanitoka mkononi. Ninayoyaeleza hapa yote yamo humo: mahudhurio 18, kuanzia Juni 2024 hadi Oktoba 2025.

Kliniki yenyewe ni ya binafsi, ipo Morogoro mjini, ina ukumbi wa kusubiria, maabara, dirisha la dawa na vyumba vitatu vya madaktari. Jina sitaliandika. Yapo mengi ninayowasifu na lipo moja ambalo bado tunavutana, na wale wahudumu ni watoto wa watu ninaosalimiana nao sokoni.

Watu wakiniuliza kliniki fulani ikoje, wanataka kusikia habari za daktari. Daktari wetu ni mzuri, anasikiliza, anakutazama usoni unapoongea. Lakini mwenye presha na sukari haendi mara moja akapona akasahau. Anakwenda kila mwezi, mwaka hadi mwaka, na nimewaona wenzangu walioacha dawa kabisa kwa kuchoshwa na mapokezi, foleni, dirisha la malipo na faili lisiloonekana. Hao nawakumbuka ninapoandika haya.

Nianze na kilichonitoa nilikokuwa.

Presha niligundulika nayo 2012, sukari 2017. Miaka yote hiyo nilihudhuria kituo kimoja, na faili langu lilikuwa jalada la kaki lililonona mpaka likafungwa kwa kamba. Mwaka 2014 daktari wa pale aliniandikia enalapril. Nikaanza kukohoa, kikohozi kikavu kinachokuja usiku, kinawasha kooni kama nimepaliwa na pilipili. Niliporudi daktari akasema ni ile dawa, kuna watu jamii hiyo ya dawa za presha huwakohoza, akaniondolea akanipa losartan. Kikohozi kikakoma. Akaandika ndani ya faili kwa kalamu nyekundu kwamba nisipewe tena. Andiko lile nililiona kwa macho yangu.

Mwaka 2023 faili likapotea. Niliambiwa nisubiri, nikasubiri. Nikaambiwa nirudi kesho, nikarudi. Siku ya tatu kijana wa masjala akanifungulia jipya, akanitoza shilingi 2,000 ya faili, nikaingia kwa daktari ambaye hajawahi kuniona. Losartan siku hiyo haikuwepo dirishani, akaniandikia lisinopril. Mimi nimesomea kufundisha Kiswahili na Maarifa ya Jamii, majina ya dawa siyajui. Nilikumbuka tu kwamba kuna kidonge kiliwahi kunikohoza, na jina hili lilikuwa jingine. Kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Nilikohoa wiki saba. Nikapimwa makohozi kwa hofu ya kifua kikuu, na mjukuu wangu wa miaka minne, ambaye analala kwangu tangu aache ziwa, akahamishiwa chumba cha shangazi yake mpaka majibu yalipotoka kwamba sina. Alikuwa analia mlangoni usiku. Mstari mmoja wa kalamu nyekundu ungetuepusha na yote yale.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta kliniki nyingine, swali langu la kwanza mapokezini lilikuwa: faili langu mtaliweka wapi, na mimi nitapewa nini mkononi?

La pili lilikuwa bima. Mimi ni mwanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Tangu mfuko ulipoanza 2001 nilikatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri akaweka 3 nyingine, na sasa nikiwa mstaafu natibiwa bila kukatwa. Ni haki yangu, nimeichangia miaka 20. Lakini sote tuliona ya Machi 2024, kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko hulipia, kilipoanza kutumika na hospitali kadhaa binafsi zikasitisha kuwahudumia wenye kadi kwa sababu hazikuridhika na bei. Watu walifika wakiwa na kadi zao wakarudishwa. Tangu hapo siulizi tena, "Mnapokea bima?" Nauliza kama wanapokea bima yangu, leo, kwa daktari huyu, kwa kipimo hiki na kwa dawa hii. Dada wa mapokezi alinijibu moja baada ya jingine bila kukunja uso, na alipofika kwenye dawa moja ya miguu inayokufa ganzi akaniambia wazi, "Hii mama haimo, utailipia mwenyewe." Niliupenda ule uwazi wake. Afadhali nijue nikiwa bado nimeketi.

Kisha akanipa karatasi ya taratibu zao. Ni karatasi moja, imechapwa mbele na nyuma, kwa Kiswahili ambacho aliyeishia darasa la saba anakielewa. Asiyejua kusoma anasomewa palepale. Siku hiyohiyo nilimkuta muuguzi akimsomea bibi mmoja wa Matombo na kumfafanulia kwa Kiluguru, na bibi anauliza maswali kwelikweli. Nimezoea kuona taratibu zimebandikwa ukutani juu kabisa, herufi za kusomwa na mjusi. Hapa unaondoka nayo nyumbani.

Miadi wanaipanga kwa vipande vya nusu saa, wagonjwa wanne kila kipande, kuanzia saa 2 asubuhi. Waliofunga kwa ajili ya kipimo cha sukari ndio wanaoanza, wanatolewa damu kwanza, halafu wanaruhusiwa kunywa chai na kula walichokuja nacho wakati wanamsubiri daktari. Mwenye sukari anaelewa uzito wa jambo hili. Nilikotoka tulikuwa tunafika saa 12 alfajiri, tunapanga kadi zetu kwenye benchi kushika nafasi, na maabara inafunguliwa saa 3. Nimewahi kumshikilia mwenzangu mikononi anatetemeka, jasho linamtiririka, sukari imemshuka kwa kuwa alimeza kidonge cha sukari nyumbani na tumboni hakuna kitu. Muuguzi alipofika tulikuwa tumeshamnywesha soda ya muuza genge.

Siku moja kabla ya miadi unatumiwa ujumbe kwenye simu. Hapa palikuwa na kasoro ambayo naamini kliniki nyingi wanayo na hawaijui. Ujumbe wao wa mwanzo ulisomeka "Miadi yako ni kesho saa 8:00". Waliotengeneza programu ile wanahesabu saa kwa Kizungu, na hiyo 8:00 yao kwetu ni saa mbili asubuhi. Julai 2024 nilichelewa kuondoka kwa sababu ya dawa. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa nane kasoro dakika tano mchana pale alipoingia mzee mmoja kutoka Mlali, kofia yake kichwani, fimbo mkononi. Alikuwa hajala tangu jana usiku, kama alivyoagizwa.

"Shikamoo babu," dada akamwambia. "Miadi yako ilikuwa asubuhi, imeshapita."

"Marahaba mwanangu. Haijapita. Nimewahi."

Akatoa simu mfukoni, akampa aisome mwenyewe. Saa nane. Dada akaisoma, akanyamaza, akamtazama mzee, akaisoma tena. Ukumbini tulikuwa kama watu kumi, na hakuna aliyesema neno. Muuguzi alimchukua mzee akampima sukari upesi, akapewa chai yenye mkate, na daktari aliyekuwa anavua koti akalivaa tena akamwona. Nawashukuru kwa hilo. Mimi niliomba karatasi nikawaandikia jinsi ujumbe unavyopaswa kusomeka: "Fika kesho Jumanne, saa 2 kamili asubuhi." Nikampa dada yule, naye akasema ataufikisha. Agosti simu yangu ilipoingia ujumbe, ulikuwa umeandikwa vilevile, neno kwa neno, na umeongezwa "usile kitu kabla ya kipimo, maji unaruhusiwa". Niliuonyesha kwa kila aliyekuja nyumbani siku ile.

Ukichelewa zaidi ya nusu saa hufukuzwi, unasogezwa mwisho wa zamu ya asubuhi. Ukishindwa kufika, unapiga simu kabla ya saa 10 jioni ya siku iliyotangulia. Ukikosa mara mbili bila taarifa, hupangiwi tena kwa simu, mpaka uje mwenyewe usubiri nafasi. Wapo wanaolalamika kwamba ni ukali. Mimi nauunga mkono. Nafasi yangu nikiiacha kimya, kuna mtu wa Dumila angeipata, na nauli ya kutoka Dumila si ndogo.

Nilichokataa ni kwamba karatasi ile haikuwa na hata mstari mmoja kuhusu daktari kuchelewa. Februari 2025 nilikaa dakika 170 nikisubiri, zimo kwenye kauntabuku. Dakika 170 na hatukuambiwa lolote, ukimuuliza mhudumu anakujibu, "Yuko njiani." Baadaye sana tukasikia alikuwa ameitwa kwa mgonjwa mahututi hospitali nyingine. Tungeambiwa hivyo asubuhi tungemwombea dua yule mgonjwa, na anayetaka kwenda sokoni akarudi angekwenda. Nilikwenda kwa msimamizi, nikamwambia mgonjwa ana saa yake na daktari ana saa yake, na zote mbili ziandikwe. Tangu Machi upo ubao mweupe pale mapokezini: jina la daktari, saa anayotarajiwa kuanza, na amechelewa kwa kiasi gani. Nikiiacha ile siku moja, wastani wangu kutoka saa ya miadi mpaka kuingia chumbani ni dakika 35. Nilikotoka siku nzuri ilikuwa kutoka saa 12 alfajiri mpaka saa 6 mchana.

Sasa malipo. Bei zimebandikwa ukutani usawa wa macho. Kumwona daktari 15,000, bingwa 35,000, kufungua faili bure. Kabla hujapelekwa maabara unaonyeshwa orodha ya vipimo, kila kimoja na bei yake, au neno "bima", na unaulizwa kama unakubali. Anayelipa mwenyewe analipa taslimu au kwa lipa namba, na risiti ya mashine anapewa bila kuidai. Sina zaidi ya kusema hapo, wanafanya inavyotakiwa.

Fomu ya bima ndiyo ninayotaka kila mwenye kadi anisikilize. Ile fomu ndiyo inayouambia mfuko kwamba fulani alipata huduma hizi na kituo kilipwe, na sahihi yako ndiyo ushahidi. Nilikotoka tulikuwa tunasaini asubuhi tukifika, fomu tupu, "ili tusichelewe mama". Nilisaini tupu miaka mingi, mimi niliyewaambia watoto darasani wasiweke jina lao kwenye karatasi wasiyoisoma. Linaniuma mpaka leo. Hapa unasaini mwisho, ukishachukua dawa, fomu ikiwa imejazwa.

Na imenisaidia. Mei 2025 niliisoma fomu yangu nikakuta kimeandikwa kipimo cha mafuta kwenye damu. Kipimo hicho daktari alikiagiza kweli, lakini maabara walisema vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vimekwisha, nije mwezi ujao. Nikarudisha kalamu mezani. Kijana wa dirishani hakubisha. Alisema fomu inajazwa moja kwa moja kutoka maagizo ya daktari, akapiga simu maabara, wakathibitisha, akakifuta kwenye kompyuta, akachapa fomu nyingine. Dakika 12. Sikuona nia mbaya kwa kijana yule. Lakini ningesaini haraka niwahi daladala, mfuko ungelipia kipimo ambacho damu yake haikutoka mwilini mwangu, na fedha ile ni ya walimu, manesi na makarani wanaokatwa kila mwisho wa mwezi.

Mtandao ukikata, kadi haihakikiwi, na hiyo hutokea. Mara nyingi hapa wanakupima presha na kukutoa damu huku wakisubiri mtandao urudi, muda haupotei. Ila Januari 2025 mhudumu mmoja wa muda alitutoza wenye bima amana ya 30,000 kila mtu kwanza. Mimi nilikuwa nayo. Mama aliyekaa pembeni yangu hakuwa nayo akaondoka. Yangu ilirudishwa baada ya siku tisa, msimamizi akaomba radhi na kusema utaratibu huo haumo kwenye karatasi yao. Ni kweli haumo, niliukagua. Yule mama sijamwona tena.

Nirudi kwenye faili, kwa sababu ndilo lililonileta.

Siku ya kwanza nilimsimulia daktari habari ya kikohozi tangu mwanzo. Alikuwa anaandika. Nikamwomba anionyeshe alichoandika, akaigeuza kompyuta kunielekea. Juu kabisa, kabla hata ya jina la ugonjwa, palikuwa na mstari mwekundu: asipewe enalapril, lisinopril na jamii yake, anapata kikohozi. Nikamwambia, "Daktari, naomba usiuondoe mstari huo hata nikifa." Akanijibu, "Mwalimu, huu unakwenda popote jina lako linapokwenda." Na kweli, kila hudhurio wanachapa karatasi ya muhtasari, nusu ukurasa, kwa Kiswahili: presha ya leo, sukari, dawa zinazoendelea, iliyobadilishwa na kwa nini, siku ya kurudi. Mstari wangu mwekundu upo juu ya kila karatasi. Ninazo zote 18, nimezibandika kwenye kauntabuku kwa gundi.

Faida yake nimeiona kwenye kile kipimo cha sukari kinachoonyesha hali ya miezi miwili mitatu iliyopita. Kipimo cha kidole kinaweza kukudanganya ukila vizuri siku mbili tu kabla ya kliniki, na wengi tunafanya hivyo, hiki hakidanganyiki. Juni 2024 nilikuwa na asilimia 8.9. Daktari alinionyesha zote kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, nikaona mwenyewe ilivyopanda baada ya Desemba, miezi ya sikukuu na harusi, na ilivyoshuka nilipoanza kutembea asubuhi mpaka stesheni ya treni ya kisasa hapa Kihonda na kurudi. Agosti 2025 ilikuwa 7.1. Ningeambiwa tarakimu moja moja kila mara nisingeuona mwendo wake.

Nakala ya faili zima unaipata kwa kujaza fomu na kuonyesha kitambulisho, siku mbili za kazi, 5,000. Ukiwa umepewa rufaa hulipi. Nililipia moja, nimeiweka ndani ya sanduku pamoja na vyeti vyangu.

Nakala ni jambo moja, na nani mwingine anaruhusiwa kuona ni jambo jingine. Mwanangu yuko Dar es Salaam. Novemba 2024 aliwapigia kliniki kuulizia majibu yangu ya figo. Wakamkatalia. Akanipigia mimi kwa hasira: "Mama, nimewaambia mimi ni mwanao wa kumzaa, bado wanakataa!" Hata mimi nilikasirika. Nikaenda kesho yake na maneno yangu tayari. Dada wa mapokezi akaniacha niseme mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mama, jana alipiga mwanao. Siku nyingine atapiga mtu anayesema ni mwanao. Mimi kwenye simu nitawatofautishaje?" Sikuwa na jibu.

Akanieleza kwamba siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazoitwa nyeti. Lakini pia akanipa njia: fomu ya ridhaa, ambayo mimi mwenyewe naandika nani aambiwe na aambiwe nini. Nilikaa na fomu ile muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwisho niliandika jina la mwanangu na namba yake, majibu ya vipimo na dawa aambiwe. Ninayomweleza daktari tukiwa wawili chumbani, hapana. Kuna mambo ya mwili wa mama ambayo mwana hana haja ya kuyabeba kwenye treni. Alipokuja Krismasi nilimwonyesha fomu, akacheka, akasema nimefanya vyema.

Wakati huohuo, kliniki hiyohiyo iliyomkatalia mwanangu ilikuwa na tabia ya kutuita kwa sauti ukumbini: "Wa sukari njooni huku! Wa presha dirisha la pili!" Morogoro si mji mkubwa kiasi hicho. Nimekaa ukumbini mle na wanafunzi niliowafundisha, wazazi wao, na jirani wa ukuta mmoja. Mimi ya sukari sifichi. Lakini yupo aliyekuja kwa jambo ambalo hajamwambia hata mkewe. Niliwaambia faili wanalilinda kwenye kompyuta huku wanalisoma kwa mdomo. Tangu Aprili tunaitwa kwa namba, na karatasi ya namba unapewa ukifika. Wazee wenye zaidi ya miaka 60 namba zao zinaanza kuitwa kwanza kwenye kila kipande, na wasiosikia vizuri wanafuatwa walipokaa.

Limebaki hilo moja tunalovutana.

Jirani yangu ni mama lishe, hana bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, lakini yeye mpaka ninapoandika haya, Oktoba 2025, kila anachotibiwa kinatoka kwenye sufuria lake la wali. Mimi ndiye niliyempeleka kliniki hii, nilimsifia. Agosti 2025 aliandikiwa vipimo vya 40,000. Utaratibu wao unaruhusu kulipa nusu, ukapimwa siku hiyo, na nusu ukailipa baadaye. Wema mkubwa, vituo vingi havina. Ila majibu hupewi mpaka umalize deni. Karatasi inasema hivyo, mstari wa tatu kutoka mwisho, nilikuwa nimeusoma ukanipita.

Alilipa 20,000. Zilizobaki zilimchukua siku 11, kwa sababu mvua ilinyesha na wateja wa wali hawakutoka. Siku zote hizo aliendelea kumeza vidonge vyake vya sukari kama kawaida. Alipomaliza deni na daktari akafungua majibu, kipimo cha figo hakikuwa kizuri, na kidonge kimoja akakisimamisha palepale. Majibu yalikuwa yamelala kwenye kompyuta siku 11, maabara wameshayaandika, na yeye anameza.

Nilimuuliza msimamizi. Akasema wengi wakishapata majibu hawarudi kulipa, na kliniki inaendeshwa kwa fedha hizo, kuna mishahara, kuna vitendanishi. Namwamini. Nimewahi kukusanya michango ya shule, najua watu wanavyopotea. Wadai deni lao: wamnyime nakala ya karatasi, wasimpangie miadi nyingine, wampigie simu kila Ijumaa, waandikiane na mtu wa kumdhamini. Lakini majibu yakiwa yanabadilisha dawa anayomeza usiku huu, daktari ayaone siku yanapotoka, amwite, amwambie. Deni lisubiri, figo hazisubiri.

Msimamizi aliniomba niyaweke kwa maandishi ayapeleke kwa wenye kliniki. Nimeandika kurasa mbili. Jirani yangu amezisoma, akakubali kisa chake kiwemo bila jina, akaweka dole gumba chini kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa na unga. Niliziwasilisha tarehe 16 Oktoba 2025, wakanigongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Miadi niliyopangiwa baada ya hapo ni ya Alhamisi tarehe 13 Novemba 2025, saa 3 na nusu asubuhi. Nakala ile nimeshaibandika kwenye ukurasa wa siku hiyo, kabla ya presha na sukari.